Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mito, Mifereji na Madola ya Kale

Ukurasa huu unahusu hasa Misri na Mesopotamia (Iraq ya leo, nchi ya mito Tigris na Euphrates), kwa kuwa huko ndiko ushahidi uliko kwa wingi. Bonde la Indus na China vimeguswa karibu na mwisho. Miaka yenye KK ni ya makadirio, na vitabu hupishana kwa miongo kadhaa. Kama una muda wa jibu moja tu, soma la tatu, maana mengine mengi yanalitegemea.

1. Dunia ina mito mikubwa zaidi. Kwa nini madola ya mwanzo yalitokea kwenye hii?

Wingi wa maji si hoja. Mto Kongo humwaga baharini maji zaidi ya mara kumi ya yale ya Nile, lakini kandokando yake kuna mvua na misitu kila upande. Aliyechoshwa na mtawala aliweza kuhama, akafyeka mahali pengine, akaendelea na maisha yake. Misri hapakuwa na pa kuhamia. Bonde lenyewe, kutoka Aswan hadi Kairo, ni ukanda wa kilomita 900 hivi wenye upana wa kilomita 2 hadi 20, na tope jeusi likiishia hapa, jangwa linaanzia hapo hapo. Kusini mwa Mesopotamia nako mvua haifiki milimita 200 kwa mwaka, na shayiri haiwezi kuiva kwa mvua hiyo.

Zao nalo lina sehemu yake. Ngano na shayiri huiva kwa mkupuo, hukauka, hupimika, na hukaa ghalani mwaka mzima na zaidi. Mtoza kodi anajua aje lini na ahesabu nini. Viazi vikuu mtu huviacha ardhini akavichimba kidogo kidogo, na ndizi haziwekwi ghalani. Kwa maoni yetu jambo hili lina uzito sawa na mto wenyewe, ingawa vitabu vingi vya shule hulipita haraka.

2. Mafuriko ya Nile yalitoka Ziwa Victoria?

Hapana, na jibu hili huwashangaza wasomaji wengi wa Afrika Mashariki. Maji yanayotoka ziwani pale Jinja hayabadiliki sana mwaka mzima, na yakifika kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, karibu nusu yake hupotea kwa jua na majani. Karibu asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan kwa mwaka hutoka nyanda za juu za Ethiopia, kupitia Nile ya Bluu, Sobat na Atbara. Tope karibu lote hutoka huko pia, kwa sababu mvua za Juni hadi Septemba zinaosha miteremko mikali.

Kazi ya Nile Nyeupe ni nyingine. Kati ya Aprili na Juni, Nile ya Bluu ikiwa imenywea, ndiyo inayouwezesha mto kuendelea kutiririka hadi Misri. Mafuriko ya Ethiopia yakifika Khartoum kwa nguvu, huisukuma Nile Nyeupe nyuma, ikajaa bila kwenda popote hadi zamu yake ifike.

3. Ni tofauti gani kubwa kati ya Nile na mito ya Mesopotamia?

Kalenda. Kote kuwili ngano na shayiri hupandwa Oktoba na Novemba, zikavunwa kati ya Machi na Mei. Sasa weka maji juu ya kalenda hiyo.

Kule Aswan, Nile huanza kupanda mwishoni mwa Juni, hufika kilele mwanzoni mwa Septemba, na hushuka Oktoba. Yaani maji yanaondoka siku zile zile ambazo mbegu inatakiwa kuingia ardhini, yakiacha udongo umelowa hadi chini na umepakwa tope jipya. Unyevu huo unatosha kulifikisha zao kwenye mavuno. Wakulima wa Rufiji wanaopanda mlau kwenye udongo mbichi baada ya mto kurudi kwenye kingo zake hawahitaji kuelezwa zaidi.

Tigris na Euphrates (kwenye Biblia ya Kiswahili, Hidekeli na Frati) hujazwa na theluji inayoyeyuka kwenye milima ya Taurus na Zagros. Kilele chake ni Aprili na Mei. Wakati wa kupanda mto uko chini kabisa, na maji hayaji mpaka yavutwe. Wakati shayiri imeshakuwa dhahabu na wavunaji wananoa mundu, mto unapasua kingo kutaka kuizamisha. Kwa hiyo mkulima wa Sumer, yaani kusini mwa Mesopotamia, alihitaji mfereji wa kuleta maji msimu mmoja na tuta la kuyazuia msimu mwingine. Vyote viwili vinataka watu wengi, kazi isiyokwisha, na mtu wa kuamua nani apate maji kwanza.

4. Kilimo cha mafuriko cha Misri kilifanyikaje, hatua kwa hatua?

Bonde liligawanywa kwa matuta ya udongo kuwa majaruba makubwa. Majaruba ya mpunga ya Mbeya au Mwea ni madogo sana ukilinganisha, kwani la Misri liliweza kuchukua mashamba ya kijiji kizima.

1. Kabla ya Julai, wanakijiji hukagua matuta, huziba nyufa na mashimo ya wanyama, na husafisha mifereji mifupi ya kuingizia maji.
2. Mto ukipanda, ukingo hukatwa mahali palipoandaliwa. Maji mazito ya tope huingia jaruba la juu, kisha la chini yake.
3. Mkato huzibwa. Maji hutuama kwa kina cha mita 1 hadi 1.5, kwa siku 40 hadi 60. Udongo uliopasuka kwa jua la kiangazi hunywa hadi chini, na tope hutua.
4. Mto ukishashuka, tuta hukatwa tena na maji hurudishwa mtoni.
5. Mbegu hurushwa kwenye tope kabla halijakauka, kisha hufukiwa kwa plau ya ng'ombe au kwa kupitisha kundi la kondoo wazikanyage.

Baada ya hapo shamba halikumwagiliwa tena. Chombo cha kuinulia maji cha nguzo na ndoo, shadufu, kilikuja yapata 1500 KK, na hata hapo kilitumika zaidi kwenye bustani za mboga kuliko mashamba ya nafaka.

Makosa yalikuwa ya aina chache, lakini yaliuma. Ukifungulia maji mapema mno, udongo unakauka kabla mbegu haijashika. Ukiyashikilia mno, unachelewa kupanda na joto la Aprili linalikuta zao bado bichi. Tuta la juu likipasuka mto ukiwa kileleni, maji yote yanamwangukia jirani wa chini, na tuta lake linafuata. Ndiyo maana kwenye maandiko ya makaburini marehemu huapa mbele ya Osiris, mungu wa wafu, kwamba hakuzuia maji katika msimu wake wala hakujenga boma kuyakinga maji yanayotiririka. Makosa hayo yametajwa pamoja na wizi na uuaji.

5. Mafuriko yalitakiwa yawe na kimo gani?

Yalipimwa kwa dhiraa ya kifalme, takriban sentimita 52.5, kwenye ngazi za mawe zilizoshuka mtoni. Mashuhuri kati ya zilizobaki ni zile za kisiwa cha Elephantine, Aswan. Mwandishi mmoja wa Kirumi wa karne ya 1 BK alieleza hivi: dhiraa 12 ni njaa, 13 bado upungufu, 14 furaha, 15 usalama, 16 neema tupu. Kutoka njaa hadi neema ni dhiraa nne tu, mita 2 na kidogo. Yakizidi mno, yalibomoa matuta, yakaingia maghalani, na kuyeyusha nyumba za matofali mabichi.

6. Kwa nini chumvi iliharibu mashamba ya Sumer lakini si ya Misri?

Kila maji ya mto yana chumvi kidogo. Ukimwagilia, jua linaondoa maji na chumvi inabaki. Mahali penye mtelemko inaoshwa na kwenda zake. Lakini Baghdad iko mita 34 tu juu ya usawa wa bahari, na Ghuba iko kama kilomita 500 kutoka hapo. Ardhi ni bapa mno, maji hayana pa kukimbilia. Mkulima akizidisha umwagiliaji, maji ya chini ya ardhi yanapanda. Yakifika karibu na uso wa udongo, huvutwa juu kama mafuta kwenye utambi, yakikauka yanaacha ukoko mweupe.

Dawa iliyojulikana ilikuwa kulaza shamba kila baada ya mavuno. Magugu yenye mizizi mirefu yaliachwa yaote, yanywe maji ya chini na kuyashusha. Wakati watawala walipodai mavuno ya kila mwaka, mapumziko hayo ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kukatwa.

Dalili mojawapo ni ngano, isiyostahimili chumvi kama shayiri. Kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 1958 na watafiti Jacobsen na Adams, nafaka hizo mbili zilikaribia kulingana kusini mwa Mesopotamia yapata 3500 KK, na kufikia 1700 KK ngano ilikuwa imetoweka. Kuna wataalamu wanaosema mabadiliko hayo yalitokana pia na mahitaji ya bia na lishe ya mifugo, na hoja yao haipuuziki. Kwamba chumvi ilikuwepo halibishaniwi.

Misri iliokolewa na kalenda yake. Nile ilikuwa ikishuka mita kadhaa kila mwaka, maji ya chini yakashuka nayo, na mafuriko yaliyofuata yakaosha chumvi iliyobaki.

7. Na mifereji ya Mesopotamia, ugumu wake ulikuwa wapi?

Kuifukua. Mito ile hubeba mashapo mengi, na kwa miaka huinua sakafu yake mpaka mto unapita juu kuliko mashamba yanayouzunguka. Hilo linarahisisha kutoa maji, kwani ukikata ukingo yanateremka yenyewe. Lakini maji yakipunguza mwendo ndani ya mfereji, tope linatua, na mfereji usiofukuliwa kila mwaka huziba. Udongo uliofukuliwa hutupwa kandokando, malundo yanakua, na baada ya vizazi kadhaa kuutoa tope juu ya malundo hayo ni kazi kubwa kuliko kuchimba mfereji mpya. Malundo ya mifereji iliyoachwa bado yanaonekana Iraq kwenye picha za angani, yakiwa mistari sambamba.

Hatari nyingine ni mto wenyewe kuhama. Ukipasua ukingo na kupata njia iliyo chini zaidi, mji unabaki bila maji. Uruk na Ur leo ni magofu jangwani, mbali na Euphrates iliyokuwa ikiyalisha.

8. Je, umwagiliaji ndio uliowaleta wafalme?

Hoja hiyo ilivumishwa na mwanazuoni Karl Wittfogel mwaka 1957: maji mengi yanahitaji usimamizi mmoja, na usimamizi mmoja unazaa mtawala wa mabavu. Inavutia, na bado inafundishwa, lakini ushahidi hauipi nguvu kiasi hicho.

Kuna rungu la mfalme anayeitwa Nge, la yapata 3100 KK, linalomwonyesha ameshika jembe ukingoni mwa mfereji. Ni kweli wafalme walipenda kuonekana hivyo. Hata hivyo majaruba ya Misri yalisimamiwa na vijiji na wilaya, na hatujapata ofisi yoyote ya awali ya kifalme iliyogawa maji kwa nchi nzima. Mesopotamia nako mifereji midogo ilitangulia miji mikubwa kwa maelfu ya miaka.

Afrika Mashariki inao mfano wake. Engaruka, chini ya ukuta wa bonde la ufa kaskazini mwa Tanzania, ilikuwa na mashamba ya kumwagiliwa ya hekta kama 2,000 kati ya karne ya 15 na ya 18, bila dalili ya jumba la mfalme. Mifongo ya Wachaga na mifereji ya Wamarakwet iliendeshwa na koo na mabaraza ya wazee, kwa zamu za maji na faini kwa anayekwepa kazi. Watu wanaweza kugawana maji bila mfalme.

Tunavyoona sisi, mfalme hakuhitajika ili maji yafike shambani. Alihitajika, au alijipenyeza, pale nafaka ilipotoka shambani.

9. Basi nani aliwajibika tuta likipasuka?

Mwenye shamba. Sheria za Hammurabi (alitawala Babeli 1792 hadi 1750 KK) zina vifungu vinne juu ya jambo hili, cha 53 hadi 56. Aliyezembea kuimarisha tuta lake, likapasuka na kufurika mashamba ya wengine, alitakiwa kulipa nafaka iliyopotea. Akishindwa, yeye na mali yake waliuzwa, na fedha zikagawanywa kwa walioathirika. Aliyefungua mfereji wake wa kumwagilia na kuzembea alilipa kwa kipimo cha shamba la jirani. Uzito umewekwa kwenye uzembe wa mtu binafsi, jambo linaloonyesha kwamba kazi ya kila siku haikufanywa na serikali.

10. Nafaka ilihesabiwaje, na kuandika kulihusikaje?

Uruk, uliofikia takriban hekta 250 kabla ya 3000 KK, ndiko vilikotoka vibao vya udongo vya kwanza vyenye maandishi, na vingi ni vya uhasibu: shayiri, bia, kondoo, vibarua. Mashairi yalikuja baadaye sana. Pamoja na vibao hivyo hupatikana maelfu ya bakuli nyepesi za udongo zenye ukingo uliokatwa mshazari. Wengi wanaziona kuwa vyombo vya kugawia posho.

Wakati wa nasaba ya tatu ya Ur (2112–2004 KK) posho ya kawaida ya mwanamume ilikuwa sila 60 za shayiri kwa mwezi, na ya mwanamke 30. Sila moja ni karibu lita moja.

Misri, makarani waliandika kimo cha mafuriko mwaka kwa mwaka, na vipande vya kumbukumbu hizo vimo kwenye jiwe la Palermo, bamba la kale lenye orodha ya wafalme wa Misri na matukio ya miaka yao. Aliyejua kimo alijua ni mashamba gani yamepata maji, na kwa hiyo kiasi gani cha kodi kinaweza kudaiwa hata kabla suke la kwanza halijatokeza. Kila baada ya miaka miwili ng'ombe nao walihesabiwa.

Mfumo ulikwama pale ghala lilipokuwa tupu. Mafundi wa makaburi ya kifalme pale Deir el-Medina walilipwa nafaka, na katika mwaka wa 29 wa Ramesses III, yapata 1157 KK, posho ilipochelewa waliweka zana chini na kwenda kukaa kwenye mahekalu. Ndio mgomo wa wafanyakazi wa zamani kuliko yote unaojulikana kwa maandishi.

11. Piramidi zilijengwa na watumwa?

Zilijengwa na mafundi wa kudumu pamoja na vikosi vya shokoa vilivyoitwa kwa zamu na kulishwa kwa ghala la mfalme. Makaratasi ya mafunjo yaliyopatikana Wadi al-Jarf mwaka 2013 yana shajara ya mkaguzi Merer, aliyesafirisha mawe ya chokaa kutoka Tura hadi Giza mwishoni mwa utawala wa Khufu, mfalme mwenye Piramidi Kuu. Kikosi chake kilifanya safari mbili au tatu kila siku kumi, wakati wa mafuriko, maji yalipoweza kuifikisha mashua karibu kabisa na eneo la ujenzi. Mashamba yakiwa chini ya maji, mikono ilikuwepo.

12. Kwa nini Misri iliungana mapema na Sumer ikabaki miji inayopigana?

Angalia upepo. Nile hutiririka kwenda kaskazini na upepo huvuma kutoka kaskazini karibu mwaka mzima. Mtu hushuka na mkondo, hurudi kwa tanga. Nahodha wa mwambao aliyezoea kungoja kaskazi imrudishe nyumbani angeiona Misri kuwa nchi ya raha. Mashua za mtawala mmoja ziliweza kufika kila kijiji, na maporomoko ya Aswan yalifunga mlango wa kusini. Misri ilikuwa imeungana yapata 3100 KK, na baadaye ikagawanywa kuwa wilaya 42.

Sumer maji yaligawanyika kwenye matawi, na aliyekaa juu aliweza kumkausha wa chini. Lagash na Umma walipigania bonde la Gu'edena na mifereji yake kwa vizazi kadhaa. Jiwe la ushindi la Eannatum wa Lagash, la yapata 2450 KK, liko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris.

Zaidi ya hayo, Sumer haikuwa na mawe, mbao ndefu wala madini. Shaba ilitoka Magan, ambayo ndiyo Oman ya leo. Pale Ra's al-Jinz, si mbali na Sur (mji usiohitaji kutambulishwa Unguja), wachimbuaji wamepata mabamba ya lami iliyopakwa mashua za matete katika milenia ya tatu KK, upande mmoja yakiwa na alama za matete na mwingine viumbe vidogo vya baharini vyenye magamba vilivyoganda.

13. Indus je? Na China?

Indus, kwenye Pakistan ya leo, ndiyo inayotuharibia kanuni. Mohenjo-daro na Harappa (2600–1900 KK) zilikuwa na matofali ya kuchoma yenye uwiano wa 1:2:4, mitaro iliyofunikwa, mawe ya mizani yanayolingana kutoka mji hadi mji, na bwawa la kuogea la mita 12 kwa 7. Jumba la mfalme halijapatikana, wala sanamu ya mtawala anayekanyaga maadui. Maandishi yao hayajasomeka, kwa hiyo anayekuambia kwa uhakika waliongozwa vipi anakisia.

China, Mto Manjano hubeba udongo laini wa nyanda za juu na huinua sakafu yake kuliko hata Euphrates, hivyo kazi kubwa ilikuwa matuta ya kukinga mafuriko. Zao la kaskazini lilikuwa mawele. Kusini, Liangzhu, walilima mpunga na kujenga mabwawa ya udongo yapata miaka 5,000 iliyopita.

14. Mto ukipungua, dola lilianguka?

Lilitikisika. Karibu 2200 KK kulikuwa na ukame mpana. Misri mamlaka ya kati ilivunjika, na Akkad, dola lililotawala Mesopotamia, ikaanguka. Lakini tazama nani aliyebaki: kwenye kaburi lake huko Mo'alla, mkuu wa wilaya Ankhtifi anajisifu kwamba aliwalisha watu wake wakati Misri ya Juu ikifa njaa. Hata tukipunguza majigambo, ghala la wilaya liliendelea kufanya kazi baada ya kiti cha enzi kukosa mtu wa kuheshimiwa. Ukame wa namna hiyo hiyo ungeweza kuvumilika chini ya mfalme mwenye akiba.

15. Kilimo cha majaruba bado kipo Misri?

Kilianza kubadilishwa karne ya 19 kwa mifereji ya mwaka mzima, na Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, lilikomesha mafuriko kabisa. Wakulima sasa huvuna mara mbili au tatu kwa mwaka na hununua mbolea badala ya kungoja tope. Maji ya chini ya ardhi hayashuki tena kama zamani, chumvi ilianza kuonekana mashambani, hasa kwenye delta, na imelazimu kufukia mabomba ya kutolea maji chini ya mashamba na kuyazibua mara kwa mara.